Mwenye nyumba kule, mpangaji hapa: mambo ya kujua kuhusu nyumba za kupangisha Uvira

UVIRA, Kivu ya Kusini. Katika mji wa Uvira, mtu akifaulu kidogo katika kazi yake, wazo la kwanza linalomjia ni kununua kiwanja na kujenga milango ya kupangisha. Mvuvi anafikiri hivyo, mwalimu anafikiri hivyo, muuza ndagala sokoni pia, na hata kijana anayetumiwa pesa na kaka yake aliye Marekani. Wengi wanaogopa kuweka akiba yao benki. Duka nalo linaweza kuporwa usiku mmoja. Nyumba haibebwi mgongoni na mwizi, kwa hiyo watu wanaiamini.

Lakini nyumba nayo inapotea. Inapotea kwa maji, kwa karatasi mbaya, kwa ugomvi wa urithi, na siku hizi kwa vita. Familia nyingi za bonde la Ruzizi na za nyanda za juu za Itombwe na Minembwe zilikimbilia mjini na kutafuta chumba cha kupanga. Mwanzoni mwa mwaka 2025, makumi ya maelfu ya wakaaji wa Kivu ya Kusini walivuka mto Ruzizi na kuingia Burundi, ambako wengi walilala kwanza katika uwanja wa mpira wa Rugombo. Wengine, wa Fizi na Uvira, wako kambini Nyarugusu, Tanzania, tangu vita vya 1996. Katika watu hao wote kuna wengi walioacha nyumba. Ndiyo sababu leo ni kawaida kumkuta mtu ambaye ni mwenye nyumba kule alikotoka na mpangaji hapa alipo. Anadai pesa ya nyumba kwa simu asubuhi, na jioni yeye mwenyewe anagongewa mlango akidaiwa.

Kwa hiyo mashauri ya kupangisha nyumba hayawahusu matajiri peke yao. Yanamhusu mjane mwenye milango miwili, yanamhusu mkimbizi mwenye kiwanja Luvungi au Baraka, na yanamhusu mpangaji ambaye siku moja naye atajenga.

Kuna mama mmoja wa mtaa wa Kasenga ambaye maisha yake yanaonyesha mambo haya vizuri. Ni mjane, ana watoto watano, anauza ndagala. Ana nyumba ya milango minne, na pesa ya milango hiyo ndiyo imesomesha watoto wake wawili wa kwanza. Hakusoma shule ya biashara. Alijifunza kwa kuuliza, kwa kuandika katika daftari, na kwa kutazama majirani wake waliopoteza.

MAHALI KWANZA, BEI BAADAYE

Alipokuwa anatafuta kiwanja pamoja na mume wake, komisioneri aliwapeleka kwanza karibu na mto Mulongwe. Kiwanja kilikuwa kikubwa na bei ilikuwa ndogo. Mume alifurahi. Mama aliomba siku mbili za kufikiri, halafu akaenda kuwauliza wazee wa kike wanaochota maji pale: «Mama zangu, mwaka wa mvua kubwa, maji yanafika wapi?» Wakamwonyesha kwa kidole mti uliokuwa nyuma ya kiwanja, juu kabisa. Hawakununua.

Miaka mingi baadaye, usiku wa tarehe 16 kuamkia tarehe 17 mwezi wa nne 2020, Mulongwe ilitoka katika njia yake. Makumi ya watu walikufa na maelfu ya nyumba zilibomoka au kuharibika. Wenye nyumba wengi walipoteza kwa usiku mmoja kile walichokijenga kwa miaka 10. Na si mto tu. Katika miaka hii ziwa Tanganyika limepanda mara kwa mara na kuingia katika nyumba za kando ya ziwa, Kalundu, Kilomoni na kwingineko. Nyumba iliyojaa maji haina mpangaji, na mabati yake yanauzwa kwa bei ya hasara.

Anayetaka kununua kiwanja cha kupangisha anapaswa kukitembelea mara tatu: siku ya jua, siku ya mvua, na usiku. Siku ya jua ataona mipaka. Siku ya mvua ataona maji yanapita wapi na kama korongo linakula udongo wa jirani. Usiku ataona kama mtu anaweza kurudi nyumbani bila woga, kwa kuwa mpangaji naye atajiuliza hivyo hivyo. Aulize majirani watatu, si mmoja, na asimtegemee komisioneri, kwa sababu komisioneri analipwa siku ya kuuza na hatakuwepo siku ya mafuriko.

Aangalie pia maji ya kunywa yako umbali gani, shule iko wapi, na soko liko wapi. Mpangaji wa Uvira mara nyingi ni mama anayetoka nyumbani saa kumi na moja asubuhi kwenda kungojea ndagala ufukweni. Hatapanga mahali ambapo tiketi ya pikipiki inakula faida yake.

KARATASI NDIYO MSINGI

Wengi Kongo wanafikiri kwamba anayenunua kiwanja ananunua udongo. Sheria ya ardhi, namba 73-021 ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973, inasema ardhi ni mali ya serikali. Mwananchi anapewa haki ya kuitumia, na haki hiyo inathibitishwa na hati moja tu: «certificat d'enregistrement», inayotolewa na konservateri wa ofisi ya ardhi. Karatasi ya kuuziana iliyosainiwa mbele ya chifu wa mtaa ni ya lazima, lakini haitoshi. Inaonyesha kwamba pesa ilitoka mkono mmoja na kuingia mwingine. Haionyeshi kwamba muuzaji alikuwa na haki ya kuuza.

Ndiyo maana kiwanja kimoja kinaweza kuuzwa kwa watu watatu. Kila mmoja ana karatasi, kila mmoja ana mashahidi, na anayeshinda mara nyingi ni yule aliyefika ofisi ya ardhi. Kabla ya kutoa hata franka moja, mnunuzi aende katika ofisi hiyo na namba ya kiwanja, aulize kimeandikwa kwa jina la nani. Kama muuzaji anasema «Karatasi ziko kwa kaka yangu Bukavu», basi pesa nayo ingoje mpaka karatasi zifike. Sheria inasema pia kwamba hati hiyo ikishamaliza miaka 2 bila kupingwa, inakuwa vigumu sana mtu kuja kuibomoa. Faida yake ni kubwa kuliko gharama yake.

Yule mama wa Kasenga aliona umuhimu wa karatasi siku alipofiwa. Matanga hayajaisha, shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuja na watu wawili wa ukoo.

«Shemeji,» akamwambia kwa upole, «nyumba hii ni ya kaka yetu. Sisi ndio tutakuwa tunapokea pesa ya wapangaji, halafu tutakusaidia na watoto.»

«Shemeji,» mama akajibu, «kaka yenu ameacha watoto watano. Hao ndio wenyewe. Karibuni mkae, niwaonyeshe.»

Akatoa bahasha ya plastiki. Ndani kulikuwa na karatasi ya kununua kiwanja yenye jina lake na la mume wake, cheti cha ndoa kutoka «état civil», na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote. Sheria ya familia ya Kongo, ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inawaweka watoto wa marehemu mbele ya warithi wengine wote, na inampa mjane haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na mume wake. Shemeji alijua kusoma. Alisoma, akanyamaza, akaomba maji ya kunywa. Baadaye mama alikwenda mahakamani ili urithi uandikwe rasmi, halafu ofisi ya ardhi ili jina libadilishwe.

Wajane wengi hawana bahasha kama hiyo. Ndoa yao ilikuwa ya mahari na ya kanisa, haikuandikishwa kwa serikali. Watoto walizaliwa nyumbani au safarini na hawana cheti. Kiwanja kiliandikwa jina la mume peke yake, au jina la baba mkwe. Wenye nyumba wanaoishi bado, mume na mke, warekebishe mambo hayo leo wakiwa wazima. Kuandikisha ndoa na watoto ni kazi ya kulinda nyumba kama vile kuweka kufuli.

HESABU BILA KUJIDANGANYA

Mtu akiambiwa kwamba mlango mmoja unaingiza dola 20 kwa mwezi, anapiga hesabu haraka: milango minne, dola 80, kwa mwaka, dola 960. Halafu anaanza kutumia hizo 960 kabla hazijaingia. Hapo ndipo wengi wanaanguka.

Tufanye hesabu ya mfano tu, kwa sababu bei inabadilika kutoka mtaa mpaka mtaa. Tuseme milango minne ilikula dola 6,000 katika kujenga. Kwa mwaka inatakiwa kuleta 960. Lakini kila mlango utabaki mtupu walau mwezi mmoja, mpangaji mmoja akitoka na mwingine bado hajaingia: toa 80. Manjanja zitavuja, kufuli litaharibika, choo kitajaa: toa 80 nyingine. Kuna kodi ya serikali juu ya mapato ya nyumba, ile inayoitwa IRL, pamoja na malipo mengine ya ofisi: weka 120. Inabaki 680. Kwa mwendo huo, dola 6,000 zitarudi baada ya karibu miaka 9, si miaka 6.

Sasa mwenye nyumba anasema: nitapandisha mpaka dola 25. Kwenye karatasi, mwaka unaleta 1,200. Lakini wapangaji wawili wazuri wanahama, wengine wanafuata, na kila mlango unakaa mtupu miezi mitatu: toa 300. Kila anayeingia anataka rangi mpya na kitasa kipya: toa 150. Kodi imepanda pamoja na bei: toa 150. Inabaki 600. Amepandisha bei, lakini mfukoni amepata pungufu kuliko mwanzo.

Hilo ndilo jambo ambalo mama wa Kasenga alilielewa mapema kuliko majirani wake. Faida ya nyumba ya kupangisha inatoka kwa mpangaji anayekaa. Mpangaji anayelipa kidogo kwa miaka minne ana thamani kuliko yule anayelipa sana kwa miezi minne. Katika milango yake minne, mmoja una mwalimu aliyeingia mwaka 2016. Bei yake imepanda mara mbili tu tangu wakati huo, kila mara kwa kuelewana kabla ya miezi mitatu.

Mama huyo ana kanuni nyingine. Kila pesa ya nyumba inapoingia, sehemu moja ya kumi inaenda katika sanduku la nyumba yenyewe. Sanduku hilo liko katika AVEC yao ya akina mama wa soko. Haliguswi kwa sherehe wala kwa matanga. Manjanja likitoboka, linatengenezwa wiki hiyo hiyo, kabla mvua haijaoza mbao za juu. Majirani wanaongoja mpaka nyumba nzima inavuja wanajikuta wanakopa, na mkopo wa riba ya kila mwezi ukiingia katika nyumba ya dola 20, unaikula nyumba.

Kwa kujenga, yeye na mume wake walienda mlango kwa mlango. Walimaliza wa kwanza kabisa, na manjanja, na mlango, na choo, wakaupangisha. Pesa yake ikasaidia wa pili. Jirani yao alisimamisha kuta za milango minane kwa mara moja. Pesa ikamwishia kabla ya manjanja, mvua ya miaka miwili ikazishusha kuta zile za matofali mabichi. Na choo kisiwe cha mwisho. Uvira ni mji unaojua kipindupindu. Nyumba ya milango minne yenye shimo moja lililojaa ni hatari kwa wapangaji, na ni hasara kwa mwenyewe, kwa kuwa mzazi mwenye akili atahamisha watoto wake.

Jambo la mwisho la hesabu ni aina ya pesa. Mkataba useme wazi kama malipo ni franka au dola, na kama ni franka, kwa bei ya siku ipi. Ugomvi mwingi wa mwisho wa mwezi unatokea hapo.

MPANGAJI ALIYEKIMBIA VITA

Mwaka mmoja mlango wa tatu wa yule mama ulikuwa mtupu. Akaja baba mmoja kutoka bonde la Ruzizi, na mke na watoto sita, na godoro moja. Majirani wakamwambia mama asiwapokee. Wakimbizi hawana kazi, wakasema, wakimbizi ni wengi chumbani, wakimbizi wanahama bila kuaga. Wengine wakauliza kabila lake.

Mama hakuuliza kabila. Aliuliza alikuwa anafanya kazi gani, ni watu wangapi, na kama kuna mtu Uvira anayemjua.

«Mama,» yule baba akasema, «miezi mitatu ya garanti sina. Nina ya mwezi mmoja, na nina mikono.»

«Mikono yako inajua nini, baba?»

«Inajua kujenga. Nimejenga shule kwetu.»

Mama akamwonyesha ukuta wa choo uliokuwa unaanza kulala. Wakaelewana: mwezi mmoja kwa pesa, mwezi mmoja kwa kazi ya ukuta, na uliobaki kulipwa kidogo kidogo kwa miezi sita. Wakaandika. Chifu wa avenue akasaini kama shahidi. Baba yule amekaa, analipa, na manjanja za milango yote minne zinatengenezwa naye kwa bei ya nyumbani.

Si kila mkimbizi ni fundi, na si kila hadithi inaisha hivyo. Kuna wanaoondoka usiku na deni. Lakini wenyeji pia wanaondoka usiku na deni. Kinachomlinda mwenye nyumba ni mkataba. Kumchagua mtu kwa uso wake au kwa lugha yake hakumlindi.

Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2015 ndiyo inayosimamia nyumba za kukaa. Inataka mkataba uandikwe. Inasema garanti ya nyumba ya kukaa isizidi miezi 3. Wanaodai miezi sita au mwaka mzima kwa mtu aliyefika jana na watoto wanavunja sheria, hata kama mtaa mzima unafanya hivyo. Na garanti si zawadi. Ni pesa ya mpangaji iliyowekwa kwa mwenye nyumba. Siku ya kuhama inarudi, baada ya kutoa kile kilichoharibiwa kweli. Mwenye nyumba aliyekula garanti ya watu wanne ana deni la watu wanne, hata kama anajiona tajiri.

Mkataba mzuri unaingia katika ukurasa mmoja. Uandike majina ya pande mbili na namba ya kadi ya mpiga kura, au karatasi ya kuonyesha kwamba kadi ilipotea njiani. Uandike bei, siku ya kulipa, garanti, nani analipa maji na umeme, ni watu wangapi watakaa, na miezi mingapi ya kuarifiana kabla ya kuhama au kuhamishwa. Uandike nyumba ilivyo siku ya kuingia: madirisha mangapi mazima, funguo ngapi, ukuta upi una ufa. Pande zote zisaini, na kila upande ubaki na nakala. Ofisi ya «habitat» nayo ina kazi ya kuandikisha mikataba hiyo.

Halafu kila mwezi, risiti. Mwenye nyumba asiyetoa risiti anajinyima ushahidi mwenyewe. Mpangaji anayelipa bila risiti amelipa kwa upepo.

Mpangaji akichelewa, mazungumzo yaanze wiki ya kwanza, si mwezi wa nne. Deni la mwezi mmoja linaweza kugawanywa. Deni la miezi mitano linamfanya mtu akimbie. Ikishindikana, kuna chifu wa avenue, halafu ofisi ya «habitat» inayosikiliza na kupatanisha, halafu mahakama. Kumtoa mtu kwa nguvu ni kazi ya mahakama peke yake. Wapo wanaoondoa mlango, wanaotoboa manjanja, wanaoita askari wa jirani aje atishe familia usiku. Mwenye nyumba anayefanya hivyo anabadilisha kesi ambayo angeshinda kuwa kesi ambayo anaweza kushindwa. Na watoto wa watu wanalala nje.

NYUMBA ILIYOACHWA NYUMA

Wanaokaa Bujumbura, Musenyi, Nyarugusu au Bukavu, na nyumba yao iko Uvira, Sange au Baraka, wana shida tofauti. Hawaoni. Wanasikia tu kwamba mdogo wao anapokea pesa, kwamba mpangaji amehama, kwamba kuna mtu amelima katika kiwanja.

La kwanza ni kuweka msimamizi kwa maandishi. Karatasi ya kumpa mtu mamlaka iseme wazi anachoweza kufanya: kupokea pesa ya nyumba, kutengeneza vitu vidogo, kusaini mkataba wa kupangisha. Iseme wazi pia asichoweza kufanya: kuuza, kuweka rehani, kujenga bila ruhusa. Ni vizuri isainiwe mbele ya notere au mbele ya mashahidi, na chifu wa avenue apate nakala. Ndugu mwaminifu hataudhika kwa karatasi. Itamsaidia yeye pia siku wengine wa ukoo watakapomshitaki kwamba anakula peke yake. Na msimamizi alipwe, hata kidogo, kwa kiasi kilichokubaliwa. Anayefanya kazi bure kwa miaka mingi mwishoni anajilipa mwenyewe.

La pili ni kuongea moja kwa moja na wapangaji. Mwenye nyumba awe na namba zao, na wao wawe na yake. Pesa ipite kwa simu inapowezekana, kwa sababu ujumbe wa simu ni risiti.

La tatu ni kuhifadhi karatasi mahali pawili. Zipigwe picha zote, mbele na nyuma: karatasi ya kununua, hati ya ardhi, mkataba wa ofisi ya ardhi, cheti cha ndoa, vyeti vya watoto. Picha zibaki katika simu, na zitumwe kwa mtoto mkubwa au ndugu aliye mbali. Aliyekimbia bila karatasi aandike anachokumbuka wakati bado anakumbuka: namba ya kiwanja, majirani wa pande nne, jina la muuzaji, mwaka, mashahidi.

La nne ni kutouza kwa woga. Wakati wa vita wanajitokeza watu wenye pesa wanaonunua viwanja vya waliokimbia kwa robo ya bei. Anayeuza kwa sababu mtoto ni mgonjwa hana wa kumlaumu. Lakini kwanza aulize kama mlango mmoja unaweza kupangishwa kwa malipo ya miezi kadhaa mbele, au kama ndugu anaweza kukopesha. Na aliyelazimishwa kusaini kwa vitisho ajue kwamba sheria ya Kongo haikubali makubaliano yaliyotolewa kwa nguvu. Aandike tarehe, mahali, na waliokuwepo, asubiri siku ambayo mahakama itafanya kazi.

La tano linahusu nyumba iliyokaliwa na mtu asiyejulikana. Msimamizi asiende kugombana naye, hasa kama ana silaha. Maisha ya ndugu ni zaidi ya milango minne. Aende kwa chifu wa avenue, amwandikie, abaki na nakala yenye tarehe. Karatasi hiyo inaonyesha kwamba mwenyewe hakuacha nyumba, na kwamba alisema mapema.

MPANGAJI NAYE AJIANDAE

Familia iliyopanga chumba kimoja leo inaweza kuona mashauri haya kama ya watu wengine. Lakini mpangaji anayeweka risiti zake zote katika bahasha moja anajijengea jina. Akihama mtaa, mwenye nyumba mpya akimuuliza, ana jibu. Anayeingia AVEC au MUSO ya mtaa na kuweka kidogo kila wiki anaweza kununua manjanja kumi mwaka huu na kumi mwaka ujao, hata kama kiwanja bado kiko mbali. Na anayejifunza hapa jinsi mkataba unavyoandikwa hatadanganywa kule atakaporudi.

Siku barabara zitakapofunguka, wengi watarudi kwa wakati mmoja, na wengi watakuta watu katika nyumba zao. Viongozi hawataweza kusikiliza kila mtu kwa maneno. Watauliza: karatasi iko wapi? Anayeweza kuitoa atalala kwake mapema. Ambaye hana ataanza kesi, na kesi ya ardhi Kongo inajulikana inavyochukua miaka. Bahasha ya plastiki haina bei kubwa sokoni, na picha ya simu haihitaji pesa. Kazi hiyo inaweza kufanywa leo jioni, kabla ya kulala, na baba, mama na watoto wakubwa wote wakiangalia, ili kila mmoja ajue karatasi ziko wapi.